Uwanja wa Mkapa kutoka kiti cha mzunguko: robo fainali ya CHAN kwa macho ya mtu wa Dodoma

Kati ya viti tulivyokalia usiku wa Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, Tanzania ilipocheza na Moroko, na mstari wa goli lililokuwa mbele yetu katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, palikuwa na ukuta wa jukwaa, njia za riadha, nusu duara pana ya ardhi isiyochezewa mpira, safu ya mabango ya matangazo, na ndipo nyasi zilipoanza. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwa ameingia uwanja wowote isipokuwa Jamhuri wa hapa kwetu, aliwatazama kwa kitambo kirefu wachezaji waliokuwa wakipasha misuli moto, kisha akauliza, "Mjomba, mbona wako mbali hivyo?" Nilimjibu kwamba mechi ikianza watasogea. Hawakusogea, na sehemu kubwa ya tathmini hii ni jibu ambalo nilipaswa kumpa pale pale.

Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani ambao sasa, kwa sababu ya treni ya umeme, wanaweza kufikiria kwenda Dar es Salaam kutazama mechi ya kimataifa na kurejea bila kuomba likizo ya wiki nzima. Fainali za Mataifa ya Afrika za 2027 zinakuja katika nchi tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, na CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa katika nchi hizo hizo kuanzia tarehe 2 hadi 30, ilikuwa nafasi nzuri ya kuona jinsi uwanja wetu mkuu unavyompokea mtu asiye na mwaliko, asiye na gari, na aliyekata tiketi ya bei ya chini, ile ya mzunguko. Mwenye kiti cha VIP A atakuwa na maelezo yake, na huenda yakatofautiana na haya kama mbingu na ardhi.

Uwanja wenyewe hauhitaji kutambulishwa sana. Ulijengwa na kampuni ya Kichina ya Beijing Construction Engineering Group, ukaanza kutumika 2007 ukiwa na nafasi ya watazamaji 60,000, na kwa miaka 13 ukaitwa Uwanja wa Taifa, hadi Mzee Mkapa, ambaye ndiye aliyekuwa Rais mradi huo ulipoanzishwa, alipofariki Julai 2020 na Rais Magufuli akaagiza upewe jina lake. Ndiyo maana mashabiki husema wanakwenda "kwa Mkapa", na wengine husema "Lupaso", jina la kijiji alichozaliwa kule Masasi, kana kwamba wanamtembelea mzee nyumbani kwake. Pembeni yake upo Uwanja wa Uhuru, mkongwe ambamo bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Brazil ilicheza kwa Mkapa Juni 2010, ikatufunga 5–1, na nina jamaa ambao hadi leo hulisimulia lile bao letu moja kama ushindi. Na ni hapo ambapo mashindano ya African Football League yalifunguliwa Oktoba 2023, Simba ikitoka sare ya 2–2 na Al Ahly. Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza huingia akiwa na hayo yote kichwani, na si rahisi kwa zege na viti vya plastiki kufikia kimo cha masimulizi.

Nianze na safari, kwa sababu kwa mtu wa Kanda ya Kati safari ni sehemu ya bei ya kiti. Treni ya reli ya kisasa, ambayo ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, hutoza shilingi 31,000 kwa daraja la kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na mtoto wa umri wa mpwa wangu hulipa nusu. Tuliondoka asubuhi, tukaziacha Igandu na Gulwe, na katika mahandaki ya upande wa Kilosa kijana wangu akawa anabana pumzi kila giza lilipoingia dirishani. Ninaishi Chang'ombe ya Dodoma, na uwanja uko jirani na Chang'ombe ya Temeke, jambo lililomfurahisha kuliko treni yenyewe, hata akamweleza kila aliyeketi karibu nasi kwamba tunatoka Chang'ombe tunakwenda Chang'ombe. Tulifika mapema kiasi cha kupata chakula cha mchana kwa utulivu, na katika sehemu hiyo ya safari sina neno ila sifa.

Tatizo ni saa ya mechi. Mpira ulioanza saa 2 usiku humalizika karibu na saa 4, na hapo mgeni wa mbali hana namna ila kulala Dar es Salaam. Nilikuwa nimeweka nafasi kwa simu katika nyumba moja ya wageni upande wa Kariakoo, ambayo sitaitaja kwa jina, na tulipofika mhudumu wa mapokezi akaniambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye daftari, kwamba bei tuliyokubaliana ilikuwa ya siku za kawaida na leo ni siku ya mechi. Nikalipa nyongeza. Nikipiga hesabu ya nauli, malazi na chakula, tiketi za uwanja zilikuwa kitu kidogo kuliko vyote mfukoni mwangu, na yeyote anayepanga ratiba za 2027 angefanya hisani kubwa kwa watu wa bara kama angekumbuka kwamba mechi ya alasiri hutuwezesha kulala njiani au hata nyumbani.

Tulifika nje ya uwanja mnamo saa 10 alasiri, saa nne kabla ya mechi, na nashauri kila mtu afanye hivyo, kwanza kwa usalama na pili kwa raha. Nje ya uzio ndiko kwenye maisha. Mama lishe walikuwa na mihogo ya kukaanga yenye kachumbari, mishikaki na wali wa maharage. Wauza skafu walikuwa wamezivaa kumi kumi shingoni. Na kijana mmoja alikuwa amepanga vikopo vinne juu ya ndoo iliyofudikizwa, kijani, nyeusi, bluu na njano. Rangi tatu pana alizipaka kwa kipande cha sponji la godoro, na mistari miwili myembamba ya njano akaichora kwa njiti ya kiberiti, akiwa amemshika mpwa wangu kidevu kwa vidole viwili na kumwonya asicheke. Aliisuuza njiti kwa maji ya chupa kabla ya kumgeukia mteja mwingine. Alitoza shilingi 1,000, na bendera ile ilidumu shavuni hadi tulipofika Morogoro kesho yake.

Mageti ndiyo sehemu ambayo mtazamaji wa mzunguko huijua kuliko mgeni rasmi. Foleni yetu ilikwenda kwa hatua ndogo ndogo, tiketi ikakaguliwa, tukapapaswa mifukoni, chupa ya maji ikabaki nje, na ndani ya muda usiozidi nusu saa tukawa tumeingia. Lakini nusu saa hiyo ni ya mtu aliyefika saa 10. Jiometri ya mahali hapo ni ile ile miaka yote: umati mkubwa wa watembea kwa miguu hukusanyika kwenye barabara chache, kisha hubanwa kwenye vipenyo vyembamba, na wanaofika mwishoni husukuma kwa sababu wanasikia kelele za ndani. Mei 2023, kabla ya mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, msongamano wa namna hiyo ulisababisha kifo cha mtu mmoja na wengine wengi kujeruhiwa. Sikuandika hili ili kumtisha mtu, bali nilipokuwa nimemshika mtoto mkono katika foleni ile nililikumbuka, na nikamhamishia upande wa ndani, mbali na vyuma.

Ukishapanda ngazi na kutokeza ndani, hakuna maneno. Taa zilikuwa zimewashwa jua likiwa bado halijazama kabisa, nyasi zilikuwa za kijani kibichi chenye michirizi ya mashine, na mduara mzima wa majukwaa, chini ya paa jeupe, ulikuwa ukijaa taratibu kama pishi inayomiminiwa nafaka. Kwa nyasi hizo nilikuwa na shauku ya pekee. Miezi mitatu tu kabla yake, mwezi Mei, baada ya mvua kubwa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliuona uwanja huu haufai kwa mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na RS Berkane ya Moroko, ikaihamishia Amaan, Zanzibar. Kwa nchi iliyokuwa ikijiandaa kufungua mashindano ya bara zima, hiyo ilikuwa aibu iliyosemwa waziwazi hata vijiweni. Usiku wa robo fainali mpira ulitambaa sawasawa. Sikuona ukiruka pasipo sababu, na pasi za chini za wageni, ambazo zingekwama kwenye tope la Mei, zilifika miguuni. Katika hili waliofanya kazi wanastahili kupongezwa.

Viti pia vilikuwa safi na vizima pale tulipokaa, na hapa lawama ni juu yetu sisi mashabiki kuliko wenye uwanja. Desemba 2024, baada ya mechi ya Simba na CS Sfaxien, viti zaidi ya 200 viling'olewa na kugeuzwa silaha, na Simba ikalazimika kucheza mechi iliyofuata hapo bila watazamaji. Uwanja ambao umefanyiwa ukarabati mkubwa kwa fedha za umma hauwezi kulindwa na mkandarasi peke yake ikiwa sisi tunaketi leo na kung'oa kesho.

Sasa nirudi kwenye umbali, kwa kuwa ndio kiini cha malalamiko yangu. Uwanja huu ulijengwa uwe wa mpira na wa riadha pamoja, na kwa hiyo njia za kukimbilia zimeuzunguka uwanja wa mpira na kuyasukuma majukwaa nyuma pande zote. Ubavuni hasara si kubwa sana, maana njia hizo hupita sambamba na mstari wa pembeni. Nyuma ya magoli ndiko kwenye maumivu, kwa sababu njia hupinda, na mpindo huo huacha eneo kubwa tupu kati ya lango na mtazamaji wa kwanza. Aliyekaa safu za chini huona mchezo ukiwa umelala bapa, miguu ya wachezaji ikifichwa na mabango. Aliyekaa safu za juu huona mpangilio wote vizuri, nani kabana na nani kaachia, lakini wachezaji huwa wadogo kama punje. Tulikuwa katikati, tukapata kidogo cha kila kasoro. Kasarani wa Nairobi una njia kama hizo pia, kwa hiyo si ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake. Ni zao la wakati ambapo nchi zetu zilijenga uwanja mmoja mkubwa ili ubebe kila kitu, mashindano ya shule, sherehe za kitaifa, gwaride na mpira.

Mtu wa Dodoma analielewa jambo hilo kuliko wengi. Jamhuri wetu umebeba mengi ambayo hayahusiani na mpira: Rais Magufuli aliapishwa hapo Novemba 2020, na Machi 2021 viongozi wa mataifa wakaja kumuaga hapo hapo. Ni uwanja mdogo, hauna anasa, na hakuna atakayeuita wa kimataifa. Lakini siku Dodoma Jiji wanapocheza, ukikaa jukwaa kuu unamsikia kocha akimwita beki wake kwa jina, unasikia kishindo cha buti likigusa mpira, na mwamuzi akikosea anaweza kukusikia ukimwambia. Mpwa wangu amelelewa katika ukaribu huo, na ndiyo maana swali lake halikuwa la kitoto hata kidogo.

Kile ambacho Mkapa unakosa kwa macho hukulipa kwa masikio. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Wimbo wa taifa ulipopigwa, umati uliuchukua kutoka kwenye vipaza sauti na kuuimba kwa mwendo wake, polepole kuliko muziki, na paa likairudisha sauti chini mpaka kifua kikatikisika. Mtoto aliziba masikio, akaachia, akaziba tena, akijaribu kuona tofauti. Wakati huo habari za Nairobi zilikuwa zimeshafika kwa simu: Kenya ilikuwa imetolewa na Madagaska kwa penalti jioni ile ile, na wakubwa wa jukwaa letu wakaanza kujigamba kwamba sasa Afrika Mashariki yote iko mabegani mwetu na Waganda. Tulikuwa na sababu ya kujigamba. Timu ilikuwa imeifunga Burkina Faso 2–0 siku ya ufunguzi, Mauritania 1–0 kwa bao la dakika za mwisho la Kapombe, na Madagaska hiyo hiyo 2–1 kwa mabao mawili ya Mzize, kisha ikatoka sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati na kuongoza kundi kwa pointi 10. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kuvuka hatua ya makundi ya CHAN. Kocha wetu wa wakati huo, Hemed Suleiman, anajulikana nchi nzima kwa jina la Morocco, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu, mwenye kofia ya kiua na redio ndogo sikioni, alikuwa akirudia kila dakika tano, "Leo ni Morocco kwa Moroko, hatuwezi kukosa."

Bao lilifungwa dakika ya 65, kwenye lango la mbali. Hapo ndipo umbali ulipogeuka kutoka kuwa usumbufu na kuwa upofu. Niliona kundi la jezi likisogea, nikaona jezi moja ikikimbilia kwenye kibendera cha kona, nikasikia uwanja mzima ukinyamaza kwa mkupuo, na kwa kimya hicho nikajua. Aliyefunga na namna alivyofunga nilivipata kwenye skrini, kama mtu aliyebaki sebuleni Dodoma. Alikuwa Oussama Lamlioui, mshambuliaji wa RS Berkane, yule yule aliyeifunga Simba huko Moroko mwezi Mei katika mechi ya kwanza ya fainali, kabla ya ile ya marudiano kuhamishiwa Zanzibar. Alipaswa kucheza kwa Mkapa tangu wakati ule. Alichelewa miezi mitatu tu. Skrini, niseme kwa haki, zilikuwa angavu na zilionekana vizuri kutoka tulipokuwa, na kwa mtu wa nyuma ya goli hizo ni sehemu ya kiti, si pambo.

Mzee wa redio alikuwa amelijua bao kabla yetu sote, kwa kuwa mtangazaji alikuwa ameketi mahali pazuri kuliko sisi. Nikiwashauri wenzangu wanaokwenda kukaa mzunguko, nasema bila utani kwamba redio ndogo yenye waya wa sikioni ina faida kuliko darubini.

Huduma nyingine za ndani sitazieleza kwa urefu. Vyakula na vinywaji vilikuwepo, kwa bei ya juu kidogo kuliko nje kama ilivyo viwanja vyote nilivyowahi kuingia. Askari na wahudumu wa majukwaa walikuwa wengi na waliongea na watu kwa heshima. Na mlemavu mmoja aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu karibu na safu yetu ya chini alipewa nafasi bila mabishano. Kilichonikera kilitoka kwa watazamaji: kikundi cha vijana walisimama juu ya viti vyao tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na katika jukwaa lenye mwinuko wa wastani, mtu mmoja akisimama juu ya kiti huwalazimisha wa nyuma yake wote kusimama, na mtoto wa miaka 11 hubaki akitazama migongo. Niliwasihi mara mbili. Mara ya kwanza walishuka, mara ya pili mmoja akaniambia, "Mzee, si ungekaa nyumbani uangalie kwenye runinga?" Nina miaka 43.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa tukiwa tumefungwa 1–0, watu walitoka kimya, na utulivu huo ulisaidia. Sisi tulibaki kwenye viti kwa zaidi ya nusu saa, na huo ndio uamuzi bora tulioufanya siku nzima. Tuliwaona wafanyakazi wakitembea na ndoo, wakiinama kuziba mashimo yaliyochimbwa na njumu, mmoja akikanyaga kwa kisigino na mwingine akinyunyiza mchanga. Nje, hata baada ya kusubiri hivyo, barabara ilikuwa mto wa watu. Magari hayakusogea, daladala zilijaa kabla hazijasimama, na bodaboda wa kwanza niliyemwendea alitaja bei mara tatu ya ile niliyolipa mchana, akaongeza kwamba mtoto ni abiria kamili. Tukatembea hadi Keko ndipo tukapata usafiri wa bei ya kibinadamu. Uwanja wa namna hii, uliozungukwa na makazi, viwanda na chuo, hauwezi kuongezewa barabara kirahisi. Lakini mabasi yaliyopangwa maalumu kwa siku za mechi, kutoka uwanjani hadi stesheni na katikati ya mji, yangebadilisha usiku mzima wa mgeni.

Wakati tukitembea, jambo jingine lilikuwa likinizunguka kichwani. Oktoba 2016, Mfalme Mohammed VI wa Moroko alipoitembelea nchi yetu, Rais Magufuli alimwomba msaada wa kujenga uwanja mkubwa wa mpira Dodoma, na Mfalme akakubali. Msikiti ulioahidiwa katika ziara ile ulijengwa, na unaonekana Kinondoni kwa uzuri wake. Uwanja wa Dodoma haukuja kwa njia hiyo, na leo tunautarajia kwa mpango wa serikali yenyewe, huko Nala, wa kuchukua watazamaji zaidi ya 30,000. Nusu ya ukubwa wa Mkapa inatutosha kabisa. Ombi langu kwa wanaochora ni moja: watuachie njia za riadha nje. Riadha ina haki ya uwanja wake, na watu wa Singida na Manyara waliotoa wanariadha wengi wa nchi hii wanastahili uwanja huo zaidi ya wengine wote, lakini uwe uwanja wa riadha, wenye majukwaa yanayotazama mstari wa kumalizia. Wa mpira uwe wa mpira, jukwaa lianze hatua chache tu baada ya mstari. Na kwa kuwa Nala bado ina nafasi, barabara za kutokea na kituo cha mabasi vichorwe kabla ya paa, wakati ardhi bado ni ya kupimwa tu wala haijawa ya kulipiwa fidia.

Kwa anayepanga kwenda kwa Mkapa kabla ya hapo, ushauri wangu wa tiketi ni huu. Usikate ya nyuma ya goli ukiwa na mtoto, hata kama ni rahisi, labda kama lengo lako ni kelele na si mchezo. Tafuta majukwaa ya ubavuni, na kama huwezi kumudu ya katikati, afadhali safu za juu za ubavuni kuliko safu za chini za mpindo, kwa sababu juu utaona mpira wote ukiwa mdogo, wakati chini utaona nusu yake tu. Beba sweta jepesi ukitoka Dodoma, si kwa ajili ya Dar es Salaam bali kwa ajili ya stesheni ya kwetu asubuhi ya Agosti, upepo ukivuma. Weka malazi kwa kulipa mapema na upewe risiti. Na usiahidi mtu yeyote kwamba wachezaji watasogea.

Tulirudi Jumamosi. Mpwa wangu alilala kutoka Pugu hadi Morogoro, kisha akaamka na kutoa masharti yake ya 2027: yuko tayari kwenda tena, hata akae juu kabisa, mradi iwe ubavuni. Nimetenga kopo tupu la maziwa ya unga kwa ajili ya tofauti ya bei, na fedha ya kwanza iliyoingia humo ni shilingi 500 yake mwenyewe, chenji aliyorudishiwa na muuza karanga nje ya geti, ambayo aliishika mkononi mechi nzima.